Mgomba wa Vedastus

Mimi ni mtu wa mlima. Nimepandisha wazungu Kibo, kilele cha Kilimanjaro, tangu mwaka themanini na nane na sijampoteza hata mmoja. Majirani zangu wa Njoro hupenda kunisifia kwa hilo. Wakianza, huwa naondoka zangu.

Januari 1997 nilimshusha Mholanzi mmoja mgongoni, mapafu yamemjaa maji. Alipopona akasema lazima anirudishie fadhila. Yeye, mkewe na marafiki wawili walikuwa wamekodi boti ya matanga, wiki mbili, wazunguke visiwa kutoka Pemba hadi Mafia. Niende nikapumzike, tena niende na mwenzangu. Nikamchukua mdogo wangu Vedastus, ambaye maji mengi aliyowahi kuyaona ni ya mfereji wa kwetu Uru.

Tulitapika siku nne. Wazungu walicheka, nasi tukacheka nao, ungefanyaje? Siku ya tano Vedastus akanishika mkono.

"Kaka, nishushe popote penye bandari. Nitajua mwenyewe jinsi ya kufika kwa mama."

Nikamwambia asinitie aibu mbele ya wageni. Maneno hayo nayasikia mpaka leo, kwa sauti yangu mwenyewe.

Siku ya tisa tulikula mchana kwenye fungu la mchanga katikati ya bahari. Maji yakaanza kujaa, mwenye boti akapiga kelele turudi upesi. Kijiboti cha mpira kilituvusha kwa safari mbili. Nami nikafanya kile ninachofanya siku zote: nikahesabu. Mwongoza watalii huhesabu wageni. Wapagazi wanajijua wenyewe, na yeye mwenyewe hajihesabu. Mmoja, wawili, watatu, wanne. "Tumetimia," nikasema, tukang'oa nanga. Nilidhani Vedastus ametangulia, amelala chini na kichefuchefu chake. Kumbe, kama mgeni mmoja alivyokuja kukumbuka baadaye, alikuwa amepita upande wa pili wa tuta la mchanga kumwokotea mama makombe ya baharini.

Tulipogundua na kurudi, fungu halikuwepo. Ilikuwa bahari tupu.

Nyumbani nilisema wimbi lilimzoa kutoka kwenye boti.

Katika ukoo wetu, mtu asiyepatikana huzikwa kwa shina la mgomba lililovishwa nguo zake. Baba mdogo Wenseslaus alinituma nikalikate. Kila mtoto wa Uru anajua kwamba unakata shina na kuacha tunguu, kile kitako chenye mizizi, ardhini, lisije likachipua kaburini. Mimi akili haikuwepo, nikang'oa mgomba mzima na tunguu lake, nikauvisha shati la mdogo wangu. Hakuna aliyefunua shati kuangalia. Mvua za Aprili zikanyesha, na mwezi wa Mei kaburi likachipua.

"Nani alikata huu mgomba?" baba mdogo alifoka, panga mkononi.

Mama akasimama mbele yake. "Uache. Mwanangu ana jambo bado."

Tangu hapo hesabu zangu zimeharibika. Nikiwa kambini Horombo sasa nahesabu kila mtu: wageni, wapagazi, mpishi, mimi mwenyewe. Tukiwa kumi na wanne, napata kumi na watano. Narudia, wale wale kumi na watano. Yule wa ziada yuko nyuma kabisa, ameinama kama anayetapika, na naogopa kumwangalia usoni. Wenzangu wanasema ni hewa nyepesi. Hewa gani inayonuka chumvi ya bahari kule juu?

Na kila nilipopanda Uru kumwona mama nilichuma jani la isale kwenye ua. Kwetu, ukimpelekea mtu uliyemkosea jani hilo, hana ruhusa ya kukunyima msamaha. Kila mara nililitupa kabla sijafika mlangoni, nikaingia na shikamoo tu. Nilikuwa mwoga, sina jina jingine la kujiita.

Krismasi ya 1998 mgomba wa kaburini ulikuwa na mkungu uliokomaa. Mama aliukata mwenyewe, akapika mtori.

"Faustin," akaniita, "hesabu watu, nijue napakua mabakuli mangapi."

Nikahesabu. "Tisa."

Baba mdogo akacheka. "Tuko wanane! Mlimani unahesabuje wewe?"

Mama hakucheka. Alipakua mabakuli tisa.

Hapo nikashindwa. Nilitoka, nikachuma isale, nikarudi nikapiga magoti mbele yake na kusema yote: ombi la kushushwa, aibu yangu, wageni wanne, lile neno "tumetimia". Mama aliliangalia jani bila kulipokea.

"Mlipoondoka, uso wake ulikuwa umeelekea wapi?"

"Sijui, mama. Sikugeuka nyuma."

Akachukua bakuli la tisa, akanishikisha. "Hilo jani si langu. Mpelekee mwenyewe. Na chakula chake pia."

Nikaenda mgombani. Nikaweka jani na bakuli kando ya kisiki, ambapo machipukizi mawili yalikuwa yameshatokeza, nikakaa chini kwenye udongo wenye unyevu. Mlango wa nyumba ulikuwa wazi. Nikamsikia mama akihesabu waliobaki mezani, mmoja mmoja, taratibu, mpaka saba.

"Tumetimia," akasema. "Tusali, tule."