Nailoni Chini ya Kipoza Joto

Aliyembandika mama mkwe jina la "Mama Jiko" ni shemeji yake Fundi, lakini aliyemtafunia utani huo, yeye akabaki kuumeza tu, alikuwa Fundi mwenyewe, mume wa binti wa kwanza, mtu wa kutembea na bisibisi mfukoni hata msibani.

Mama huhariri video za harusi chumbani kwake. Huondoa hotuba za wajomba waliolewa pombe, na maharusi humshukuru. Kompyuta yake ilipoanza kuchoka, Fundi alimwekea prosesa mpya, ule ubongo wa mashine, na juu yake akafunga kipoza joto kipya: bonge la chuma lenye mapezi na kifeni chake. Wiki haikuisha, mashine ikawa inapata moto na kujizima katikati ya kazi. Fundi alikuja, wala hakufungua hata skrubu moja. Macho yake yalitua kwenye kitambaa alichokifuma mama kwa mkono wake, kimetandikwa juu ya mashine kuzuia vumbi. Akakinyanyua kwa vidole viwili mpaka sebuleni, wageni wamejaa.

"Jamani, mama anapika kompyuta! Mpaka mfuniko kaweka!"

Watu walivunjika mbavu. Mama naye alicheka, kicheko cha kuficha uso, akakikunja kitambaa chake. Hakikuonekana tena. Mashine iliendelea kuzimika, na kila ikizimika jibu lilikuwa tayari: Mama Jiko kaunguza.

Jumapili hii familia ilikuwa imekusanyika kwa chakula cha mchana. Mama akamwita Fundi pembeni. Kulikuwa na video ya harusi ya watu imekwama nusu. Fundi alipoingia chumbani, joto lilimpiga usoni. Feni pekee ya chumba ilikuwa juu ya stuli, imeelekezwa kwenye mashine iliyovuliwa bamba la ubavuni. Mama alikaa kando, taulo shingoni, jasho linamchuruzika.

"Mama, mbona feni hujielekezei mwenyewe?"

"Mimi navumilia, baba. Hii ndiyo haivumilii. Najitahidi nisiiharibu, ila mkono wangu sijui una nini."

Fundi akafungua kipoza joto, akitegemea kukuta grisi ya kupitisha joto imekauka. Pale chuma kinapotakiwa kugusana na prosesa palikuwa na nailoni nyembamba, na maandishi mekundu bado yanasomeka: *ondoa kabla ya kufunga*. Hilo ndilo jambo la kwanza analowafokea wanaojifunza kazi kwake. Siku ile alifunga huku simu iko sikioni, anajisifu kwa rafiki. Na kitambaa? Hewa ya mashine ile hutokea nyuma, kitambaa kilikaa juu. Alilijua hilo hata siku ile ya sebuleni, ila utani ulikuwa mtamu mno kuuacha.

Kabla hajaamua lolote, nailoni ilikuwa imeshaingia mfukoni. Akafuta, akapaka grisi mpya, akafunga, akawasha. Video ikasonga mpaka mwisho, na kipimo cha joto kwenye skrini hakikupanda.

Mama alishika mashavu kwa furaha. "Kumbe kweli ni kile kitambaa changu! Kilishaijeruhi mashine kabla sijakitoa. Mungu akuzidishie, baba. Nitawaambia wote hapo nje, mkosaji nilikuwa mimi."

Fundi aliona aibu. Akaenda kufunga mlango, akarudi, akaitoa nailoni mfukoni.

"Mama, nilisahau kuitoa hii. Ndiyo iliyokuwa inapandisha joto. Kitambaa hakina kosa, na wewe huna kosa. Nisamehe."

Mama aliipokea, akashusha miwani, akayasoma yale maandishi mekundu, akayarudia.

"Nimekusamehe," alisema. "Ila mbona umefunga mlango?"

Fundi aligeuka kuutazama mlango.

"Kitambaa changu ulikipeleka sebuleni, baba."

Akamrudishia nailoni yake. Fundi akafungua mlango. Sebuleni shemeji alimwona, chakula kimejaa mdomoni.

"Enhe, Fundi! Mama Jiko kapika nini leo?"

Wengine walikuwa wameshaanza kucheka. Fundi akainua nailoni juu ili wote waione, akangoja wanyamaze.