Swali la Mama Mkwe

Bosi wangu akikasirika hapigi kelele, huvua miwani. Asubuhi ile aliivua akaiweka juu ya kibodi yangu.

"Saa sita kamili nalifunga jukwaa," alisema. "Kuna mtu ameacha sindano zake kwa uongo aliousoma kwetu. Amelazwa."

Jukwaa letu la mtandaoni ni la wagonjwa wa kisukari, na chujio linalozuia matapeli nimeliandika mimi. Tangu Jumatatu lilikuwa limezidiwa. Mashine za watu nisiowajua zilifungua akaunti mpya na kumwaga tangazo lile lile: dawa inayoponya kisukari kwa siku saba.

Hasira zikanipanda. Nikapiga marufuku neno "dawa". Matangazo yakakatika hapo hapo, nami nikajipongeza na kwenda kumimina chai.

Chai haijapoa, simu ikalia. Mama mkwe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mkwe wangu, nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu, mama. Kwani vipi?"

"Nimeuliza dawa yangu mpya ninywe kabla ya kula au baada ya kula. Jukwaa lako limenijibu kwamba ujumbe wangu ni taka!"

Nikafungua kapu la taka. Wagonjwa sitini na mmoja walikuwa humo, kila mmoja na shida yake. Jukwaa la wagonjwa, na mimi na akili zangu nimewakataza kutaja dawa! Masikio yaliniwaka kwa aibu. Nikamweleza mama kila kitu, hata ile saa sita.

Akacheka. "Wauza uongo wale? Mimi huwauliza swali moja tu: wewe mwenyewe unaumwa tangu lini? Hajanijibu hata mmoja. Lakini mgonjwa wa kweli ukimuuliza hivyo, utamnyamazisha na nini?"

Nikakata simu bila kuaga, kosa nitakalosomewa Jumapili mbele ya mume wangu.

Nililifungulia neno "dawa", nikawatoa kapuni wote sitini na mmoja. Kisha nikaandika sharti jipya: ujumbe wa kwanza wa kila akaunti mpya usubiri mlangoni, na mwenyewe aulizwe swali la mama mkwe, neno kwa neno. Akijibu, apite.

Saa tano na nusu nikaliwasha. Matangazo yakaja mia, yakaja mia tatu, yakarundikana mlangoni. Hakuna lililojibu. Nilikuwa nimeuma kucha zote za mkono wa kushoto mgeni mmoja alipoandika: "Tangu nilipojifungua mtoto wa pili. Naogopa sindano. Kuna mwenzangu hapa?"

Akapita. Dakika chache baadaye, wenzake tisa walikuwa wameshamkaribisha.

Saa sita bosi akasimama nyuma yangu. Akasoma yale majibu tisa, kisha ile foleni ya mlangoni, matangazo mia nane na kitu, yote bubu. Akachukua miwani yake, akaivaa.

"Liache wazi," alisema.

Nilipiga kigelegele mpaka mhasibu wa chumba cha pili akagonga ukuta. Kisha nikampigia mama mkwe.

"Mama, tumewashinda!"

"Hongera. Na dawa yangu?"

"Hebu soma jukwaani." Muuguzi wetu alikuwa ameshamjibu.

Nikamsikia akisoma polepole, halafu mlio wa sahani.

"Baada ya kula," alisema. "Haya, niache nile."