Nani Alimzaa Morvan wa Lezarvor

Tangu utotoni Derrien wa Lezarvor alijua kwamba liko jambo moja lisilosemwa mezani kwao: baba yake, marehemu Bwana Morvan, alinyonyeshwa na mwanamke wa Madalen. Haikuwa siri. Parokia nzima ya Plouvenez ilijua, ila ilinyamaza, maana watu wa Madalen walikuwa wasokota kamba, na wasokota kamba hawachanganyiki na watu. Ilisemekana damu yao ilikuwa na ukoma tangu enzi za mababu, ingawa hakuna aliyewahi kumwona hata mmoja wao amekatika kidole. Walikaa peke yao ng'ambo ya kijito, wakazikana peke yao, na siku ya misa waliingia kwa mlango mdogo wa kaskazini na kusimama chini ya mnara wa kengele. Kamba zao, hata hivyo, kila mtu alizinunua.

Derrien alikuwa anakaribia miaka hamsini, mjane, mwenye binti mmoja aitwaye Azenor, wakati binamu yake Gwion wa Koadelez alipokwenda kumshtaki katika baraza la Mtawala. Gwion alidai kwamba Lezarvor ni haki yake. Hoja yake ilikuwa hivi. Zamani, wakati nyumba mbili zilipopigania utawala wa Bretania, ngome ya Lezarvor ilizingirwa kiangazi kizima. Bwana aliuawa ukutani. Mkewe alikuwa amejifungua karibuni, akashikwa na homa, maziwa yakakauka. Mwanamke pekee aliyekuwa na maziwa mle ndani alikuwa mke wa msokota kamba, aliyeleta kamba za mitambo ya vita akafungiwa humo pamoja na watoto wake. Basi akapewa mtoto wa bwana amnyonyeshe pamoja na wake. Watoto wachanga wawili waliingia, alisema Gwion, akatoka mmoja. Naye aliyetoka hakuwa mwana wa bwana.

Derrien aliposikia alicheka. Alisema Gwion tangu utoto hulilia sahani ya mwenzake hata kama yake imejaa. Lakini haikupita muda, Bwana wa Trogoad, ambaye mwanawe alikuwa amemchumbia Azenor, akatuma mtu kusema kwamba harusi isubiri kidogo mpaka maneno yatulie. Azenor alikunja shuka alizokuwa akizidarizi, akazitia sandukuni, akafunga kifuniko. Tangu siku hiyo Derrien hakucheka tena.

Akamwita wakili aitwaye Prigent, mtu mnene aliyependa siagi ya chumvi kuliko mkate wa kuipakia. Prigent alimweleza kwamba hati zote za kanisa la ngome ziliungua wakati wa vita, kwa hiyo kesi itasimama juu ya vinywa vya watu. Wakaanza kuzunguka kutafuta wazee.

Hawakupata la maana. Padri wa Plouvenez alijua tu alichoambiwa na padri aliyemtangulia, kwamba mtoto alibatizwa kwa maji ya mvua yaliyokingwa kwenye kofia ya chuma, na wasimamizi wake wote walikufa vitani. Mzee Rivoal, aliyekuwa mtoto wa mtunza farasi ndani ya ngome ile, aliapa kwamba Morvan alikuwa na pua ileile ya baba yake. Alipoletewa kikombe cha pili cha mvinyo wa tufaha, pua ikawa ya upande wa mama. Kwa kikombe cha tatu alikiri kwamba watoto wote wa mzingiro ule walifanana na vyura, na yeye mwenyewe alikuwa akiwaza chakula tu.

Waliporudi nyumbani wamechoka, Azenor ndiye aliyeuliza swali ambalo halikuwajia.

"Baba, huyo yaya inasemekana alifungiwa na watoto wake. Watoto, si mtoto. Mwingine yuko wapi?"

Padri alipoulizwa akasema ndiyo, yuko. Anaitwa Plezou, ni kikongwe, na bado anasokota kamba kule Madalen. Derrien alimtaka Prigent waongozane. Prigent alitazama mikono yake, akasema kwa upole, "Bwana, nimekubali kukutetea. Kuoza pamoja nawe hatukupatana."

Derrien akaenda peke yake, asubuhi, kwa miguu. Kwenye kijito alisimama kitambo. Hapakuwa na daraja, palikuwa na mawe tu, na watu wa upande wake wakitaka kamba huwa wanapiga kelele kutoka ng'ambo. Alivuka.

Alimkuta Plezou kwenye uwanja mrefu kando ya nyumba, kibunda cha katani kiunoni, akirudi kinyumenyume huku kamba ikizaliwa kutoka vidoleni mwake. Alikuwa mdogo wa mwili na mkavu kama kuni. Alimtazama Derrien kutoka mbali bila kusimama.

"Wewe ni wa Lezarvor," alisema. "Umekuja kuuliza."

"Nimekuja kuuliza, mama."

"Watu wa Koadelez nao walikuja. Walisimama kulekule ng'ambo wakapayuka kama wanafukuza kunguru. Nikajifanya kiziwi. Wewe umevuka, basi nitakujibu. Lakini kazi hailali. Shika ncha hiyo, uivute, usiilegeze."

Derrien akaishika. Hiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kugusa kamba ambayo bado imo mkononi mwa mtu wa Madalen, na kupitia kamba ile alihisi kila msokoto wa vidole vya yule bibi. Plezou alisimulia bila kupandisha sauti. Alikuwa na miaka sita wakati wa mzingiro. Mtoto wa mke wa bwana alizaliwa dhaifu. Mdogo wake Plezou alikuwa na nguvu. Asubuhi moja yule dhaifu hakuamka. Mama yake Plezou akakaa na maiti mapajani, akawaza. Mkate uliobaki ngomeni ulikuwa wa wapiganaji na wa yule anayemnyonyesha mwana wa bwana. Mwana wa bwana akifa, na mkate umekwisha, na Plezou alikuwa na njaa. Basi akabadilisha nguo za watoto wale wawili.

"Alidhani ni kwa siku chache, mpaka lango lifunguliwe," Plezou alisema. "Lango lilipofunguliwa, bibi wa ngome alikuwa amepona kidogo, amekwisha kumpakata mdogo wangu. Nani angekwenda kumwambia?"

Derrien alitazama mkono wake. Ncha ya kamba ilikuwa imemkata kiganja. "Baba alijua?"

"Hakujua. Mama alikuwa haachi kwenda kanisani, asimame pale chini ya mnara, amwone akipita kwenda mbele. Pasaka moja baba yako alitugawia mkate wa sadaka. Wa kwake mama hakuula. Aliuweka mpaka ukaota ukungu." Hapo ndipo alipoacha kusokota. "Yule alikuwa mdogo wangu. Mimi nilimbeba mgongoni. Na kila mwaka nilimwona anatupita bila kugeuza shingo. Basi na wewe ujue."

Derrien alirudi nyumbani akamwambia Azenor yote, kwa kuwa hakuwa na mwingine wa kumwambia. Prigent yeye hakuambiwa. Azenor alisikiliza, mikono imefumbatwa, kisha akauliza kama bibi yule ataitwa shahidi. Derrien akasema Gwion hatakosa kumwita. Na kweli, Gwion aliwatuma tena watu wake, safari hii wakiwa na amri ya hakimu, wakamleta.

Kesi ilisikilizwa kanisani Plouvenez, kwa kuwa hapakuwa na nyumba nyingine ya kuutosha umati ule. Hakimu alikaa nyuma ya meza chini ya madhabahu, mtu mwembamba mwenye mafua. Mzee Rivoal alitoa ushahidi wake wa pua, watu wakacheka chinichini. Ndipo Gwion aliposimama na kusema ana shahidi aliyekuwamo ndani ya ngome, aliyeona kwa macho yake. Plezou akaingia kwa mlango wa kaskazini. Waliokuwa karibu wakasogea, wakavuta nguo zao.

Prigent aliinuka kabla bibi hajafika mbele. Alikuwa amejiandaa. Alisema kwamba kwa desturi ya nchi, mtu wa Madalen hasikilizwi dhidi ya kabaila. Neno lake ni kama upepo, na aombwe atoke asije akachafua mahali hapa. Hakimu alipenga kamasi, akatikisa kichwa kukubali. Kila aliyekuwa mle aliona kwamba kesi imekwisha, na Gwion mwenyewe alianza kubabaika.

Derrien alimtazama yule kikongwe. Alikuwa amesimama katikati ya kanisa, mahali ambapo hajawahi kusimama maisha yake yote, akingoja kufukuzwa, na uso wake haukuonyesha kwamba ni jambo geni. Ni dada wa baba yangu, alijisemea Derrien, nami nakaa hapa kitini nangoja atupwe nje ili mimi nipate nyumba. Akamshika Prigent kwenye kipindo cha joho.

"Asikilizwe," alisema.

Prigent akainama kumnong'oneza. "Bwana, umekwisha kushinda. Kaa kimya tu."

"Nimesema asikilizwe. Ni mzee. Na apewe kiti."

Kanisa zima likaguna. Hakimu aliuliza mara mbili kama Bwana wa Lezarvor anaelewa anachokiomba, Derrien akasema anaelewa. Kiti kililetwa. Ilipofika zamu ya kiapo, karani aliogopa kitabu cha Injili kisije kikaguswa, akaamuru bibi anyooshe tu mkono kukielekea kutoka mbali. Plezou akaunyoosha.

Hakimu akamuuliza ni mtoto yupi aliyekufa ndani ya ngome.

"Wa kwetu," alisema Plezou.

Gwion aliruka kama aliyekanyaga kaa la moto, akasema huyu bibi amehongwa. Hakimu akamwamuru anyamaze, akamuuliza Plezou anajuaje, naye alikuwa mtoto wa miaka sita. Plezou akajibu kwamba mtoto wa miaka sita aliyezoea kumbeba mdogo wake hamsahau akimwona amekauka. Alieleza asubuhi ile, mama yake alivyokaa, maiti ilivyolala mapajani. Kila alichoeleza kilikuwa kilekile alichomwambia Derrien uwanjani, isipokuwa jina la aliyekufa. Alipomaliza hakumtazama Derrien, bali Azenor aliyeketi kwenye benchi la mbele, na macho yake yakakaa hapo kidogo. Kisha akatoka kwa mlango aliouingilia.

Gwion alikuwa amemleta yeye mwenyewe. Hakuweza tena kusema shahidi wake hafai. Kabla ya chakula cha mchana hakimu alikata shauri kwamba Morvan alikuwa mwana halali wa bwana wa Lezarvor, na Derrien ni mwana wa Morvan. Bwana wa Trogoad, aliyekuwa amesimama nyuma kabisa, akaja mbele kumkumbatia Derrien, akasema yeye hakuwa na shaka hata siku moja.

Kesho yake Derrien alivuka kijito. Plezou alikuwa ameketi mlangoni akichambua katani.

"Umeapa uongo," Derrien alimwambia.

"Kitabu walininyima nisikiguse. Basi sikukigusa."

"Kwa nini?"

Plezou aliweka katani chini. Alisema kwamba alikwenda kanisani amekusudia kusema kweli, na aliingoja siku hiyo tangu yule mkate wa Pasaka. Kisha wakili akainuka kumfukuza, hilo alilitazamia, na Derrien akamzuia, hilo hakulitazamia. "Halafu nikamwona yule msichana. Nikamwazia huku, akipita mlango wetu, watu wanavuta nguo. Nikajiuliza, Madalen itapata nini, ikiongezewa mmoja?"

"Au ulinidanganya mimi siku ile," alisema Derrien. "Ulikuwa na hasira."

"Huenda." Bibi alitabasamu kwa mara ya kwanza, alikuwa na meno machache. "Chagua unayoitaka."

"Nami nikuite nani?"

"Baba yako alinyonya ziwa la mama yangu. Hata angezaliwa na malkia, mimi bado ni shangazi yako. Hilo halihitaji hakimu."

Azenor aliolewa kabla ya majira ya baridi. Usiku wa kuamkia harusi hapakuwa na machozi. Alimwambia tu baba yake kwamba anakwenda kuwazalia watu wa Trogoad wasokota kamba wazuri, akacheka peke yake mpaka ikabidi ajifute macho. Mumewe hakuambiwa.

Derrien alituma siagi na nyama ya chumvi Madalen. Vyungu vikarudi vimejaa kama vilivyokwenda, na ujumbe kwamba ndugu hapewi sadaka. Basi akaacha kutuma, akawa anakwenda mwenyewe. Gwion alipomwona anavuka kijito alisema mbele ya watu, mnaona, damu inarudi kwao. Lakini hukumu ilikuwa imekwisha kutoka, na watu walisema Bwana Derrien anamshukuru bibi aliyemwokoa, ni haki yake. Wengine walisema vinginevyo, wakiwa majumbani mwao.

Walikula uji wa shayiri kutoka bakuli moja, shangazi na mtoto wa ndugu yake, moto ukiwa katikati. Derrien alikuwa mtu wa wakati wake. Kila aliporudi nyumbani aliingia chumbani, akavua shati, akajikagua mikono na kifua kwenye mwanga wa dirisha, akitafuta baka jeupe la ukoma. Alifanya hivyo majira yote ya baridi. Hakuona kitu ila madoa ya uzee. Shayiri mpya ilipoanza kuchipua, alikuwa ameacha kutazama.