Waliokaa Safu ya Nyuma

Tangu saa mbili asubuhi Mama Tochi hakutulia. Mara akae, mara asimame, mara aende mlangoni kuchungulia kama tingatinga limesogea. Lilikuwa palepale mbele ya sinema, dereva wake anatafuna karanga. Foleni ilikuwa ndani ya ukumbi, mahali palipokuwa na viti mia sita. Viti vilikwisha kuuzwa zamani, zikabaki bolti zilizochomoza sakafuni, watu wakijikwaa na kulaani. Kamati ya kugawa vyumba ilikaa jukwaani, chini ya ukuta wa kuonyeshea picha.

"Wee mama, tulia basi, unanitia kizunguzungu," alisema Mkata Tiketi nyuma yake. Walifanya kazi pamoja miaka ishirini na miwili: yeye dirishani, Mama Tochi ndani gizani, akiwaonyesha watu viti kwa tochi.

"Nitulie vipi? Chumba kikienda, binti yangu na mapacha wake nitawalaza wapi? Kichwani?"

Mji ulikuwa na sinema saba. Moja sasa ni duka la vigae, mbili maegesho ya magari, nyingine hata waliozaliwa jirani hawajui zilisimama wapi. Hii ilikufa mwisho. Video zilipoingia majumbani ikawa ghala, kisha ikawa ya popo, na wafanyakazi wakabaki katika vyumba vya uani walivyopewa na tajiri, marehemu sasa. Sasa itavunjwa, pajengwe ghorofa. Atakayethibitisha aliajiriwa hapa atapewa chumba kwingine. Asiyeweza ni mvamizi, atoke kabla ya Jumatatu. Karatasi za ajira? Ziliungua na ofisi ya tajiri, na mji mzima uliuona ule moshi. Kwa hiyo ushahidi ni kumridhisha Mwenyekiti, basi.

Karani akamwita Mama Tochi. Akapanda jukwaani mbiombio.

"Ulikuwa nani hapa?" Mwenyekiti aliuliza bila kuinua macho.

"Mwonyesha viti, mheshimiwa."

"Nani anakujua?"

"Mji mzima."

"Mimi ni wa mji huu. Nimetazama picha humu tangu ujana wangu, na wewe sikujui." Akawageukia wenzake. "Au alikuwa mzuka?"

Kamati ikacheka. Mama Tochi damu ilimchemka. Mzuka! Miguu yote hii iliyovimba kwa kusimama! Kazi ile ilikuwa na sharti moja, aliloambiwa na tajiri siku ya kwanza: ona yote, sema hamna. Wake za watu walikuja na waume za watu, naye akawamulikia miguuni tu, usoni kamwe. Hata shoga zake walipomwuliza kwa wivu kuhusu waume zao, hakutoa neno. Siku hiyo likamtoka.

"Hunijui kwa sababu ulikuwa hutazami picha," alisema. "Jumatano, onyesho la saa kumi, safu ya nyuma kabisa, kiti cha pembeni. Wewe na yule fundi cherehani, mke wa mtu. Ulikuwa unavua viatu. Mara mbili ulisahau soksi, nikakukimbilia nazo mpaka mlangoni."

Ukumbi ulilipuka. Watu walishikana mabega kwa kucheka, mmoja akapiga vigelegele. Mwenyekiti hakucheka wala hakufoka. Alimwashiria asogee, akamnong'oneza.

"Una wajukuu, nimesikia. Waambie hawa umenifananisha, chumba chako hiki hapa. Nakupa neno langu."

Mapacha walikuwa na miezi minne. Mama Tochi akawageukia watu.

"Nimemfananisha. Hakuwa yeye. Giza lilikuwa jingi, nilikuwa sioni watu."

"Rudia, karani aandike."

Akarudia.

Mwenyekiti akaegemea kiti. "Mmesikia wenyewe. Mwonyesha viti asiyejua nani alikaa wapi. Andika: amekiri kwa kinywa chake. Mvamizi."

"Mheshimiwa! Si umeniambia..."

"Nimekuambia nini? Nani kasikia?"

Karani alimshika dole gumba, akalichovya kwenye wino, akaligandamiza kwenye karatasi. Mama Tochi akamgeukia mwenzake. "Mwambie! Betri za tochi si wewe uliyekuwa ukinipa kila jioni?"

Mkata Tiketi alipanda, kofia mkononi, macho chini.

"Wewe ulikuwa nani?"

"Mkata tiketi, mheshimiwa."

"Kila aliyeingia alipita dirishani kwako?"

"Kila mtu."

"Mimi uliwahi kuniona?"

"Hata siku moja, mheshimiwa. Ndiyo kwanza leo."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Na huyu mama?"

"Huyu... mimi nilikuwa nje, mheshimiwa. Ya ndani siyajui."

Muhuri ukagonga. Mkata Tiketi alishuka na karatasi yake ya chumba, akampita Mama Tochi upande upande kama mtu apitaye penye rangi mbichi. Foleni ikasogea. Mama Tochi alibaki kando ya jukwaa, dole lake amelitenga na nguo, akiwatazama waliofuata: mfagiaji, mlinzi wa baiskeli, mama muuza soda. Midomo yao ilikuwa inacheza, kila mmoja akijifunza jibu lake, sijawahi kukuona, mheshimiwa, sijawahi kukuona.