Kitabu cha Tiba ya Kazi

Mimi na Selina tulikuwa wapya katika tiba ya kazi, ile ya kumfundisha mgonjwa kula na kuvaa mwenyewe tena. Mwenyekiti wa kijiji, Bwana Naftali, alikwenda Singida mjini kutuchagulia kitabu cha kutuongoza. Mgonjwa wetu, Mzee Mughwai, alikingoja kuliko sisi. Kiharusi kilimpoozesha mkono wa kulia, akawa analishwa na mkamwana wake, aibu kubwa kwake.

Mwenyekiti alirudi, akatukuta nyumbani kwa Mzee, mkononi ana kitabu cha kilimo cha pamba.

"Kulikuwa na kingine," alisema, "picha tupu za watu wamekaa wanashika vijiko. Nikakiacha. Ujamaa na kukaa, wapi na wapi?"

"Lakini Mwenyekiti, kile ndicho chetu," Selina akasema.

"Binti, tiba ya kazi bila jembe ni umwinyi!"

"Naftali," akasema Mzee Mughwai, "mimi nataka kula kwa mkono wangu. Hiyo pamba nitaila?"

"Ulime kwanza, mzee mwenzangu. Asiyefanya kazi na asile."

Mkamwana akaingia na bakuli la uji. Mzee alifumba macho, akafungua mdomo.