Risasi Kwangu, Bastola Kwake

Kwa miaka yote niliyovuka mpaka na mke wangu, hatukuwahi kukaa kiti kimoja. Sheria ilikataza bastola na risasi zake kuwa mikononi mwa mtu mmoja, au mahali pamoja ndani ya gari. Kwa hiyo yeye alikaa mbele, nyuma ya dereva, na sanduku la bastola miguuni. Mimi nilikaa kiti cha mwisho kabisa, nimepakata kisanduku cha risasi nilichokitengeneza mwenyewe kwa bati, maana ufundi bati ndiyo kazi iliyonilisha. Basi likiingia kwenye mashimo, mimi ndiye niliyerushwa. Yeye aligeuka, akanitafuta juu ya vichwa vya watu, akacheka. Abiria wageni walidhani tumegombana.

Alianza kulenga shabaha alipokuwa karani wa posta. Enzi hizo makarani waliosindikiza fedha za mishahara walipelekwa mafunzo ya bastola. Wenzake walifyatua huku wamefumba macho, wakarudi zao kwenye stempu. Yeye alitoboa karatasi katikati, akaomba karatasi nyingine. Mkufunzi alimwuliza kama ana ndugu jeshini.

"Sina," akajibu. "Ndugu zangu wote wanashona nguo."

Klabu ya karibu ya kulenga shabaha ilikuwa mji wa pili, ng'ambo ya mpaka, na hapo ndipo tulipojitia kwenye makaratasi. Kulikuwa na leseni ya huku ya kuimiliki bastola na leseni ya kule ya kuitumia. Kila safari ilitaka kibali cha kutoka nayo na kibali cha kuingia nayo. Huku walidai tuwe na kabati la chuma lililofungwa ukutani. Kule walitaka barua ya mtu aliyefika nyumbani kwetu akaliona kabati kwa macho yake, na nauli ya mtu huyo ikawa juu yetu. Cheti cha daktari cha huku hakikukubaliwa kule, na cha kule walikicheka huku. Wakati mwingine tulilipia bima mbili kwa mwaka mmoja, kwa sababu kila upande ulisema bima ya wenzao si bima.

Dada yangu hakuvumilia. Siku moja alisimama uani kwetu, mikono kiunoni.

"Wifi, hiyo bastola yako imeshakula paa la jiko, sasa inakula choo cha ndani. Na hata panya haijaua!"

"Mwache panya aishi, wifi," mke wangu akamjibu huku anaanika nguo. "Yeye mwenzetu hadaiwi leseni."

Mimi sikulalamika, na leo nikikumbuka najua kwa nini. Nilizipenda safari zile. Kabla ya kutoka tulisimama mlangoni, kila mtu na sanduku lake, tukamwomba Mungu atupeleke na kuturudisha bila mtu kuumia kwa kitu tulichobeba. Pale mpakani maofisa walituzoea. Mmoja, mnene, mwenye sauti ya kuchekesha, alikuwa akiita kutoka dirishani: "Bi Bastola nimemwona. Haya, Bwana Risasi yuko wapi?" Nami nikajitokeza mwisho wa foleni na bati langu, watu wakanipisha.

Uwanjani palinukia baruti na majani yaliyokatwa. Kazi yangu ilikuwa kusimama nyuma yake na kumpa risasi, tano tano, kiganjani. Nilizishika kwanza ndani ya ngumi mpaka zikapata joto, kwa sababu siku ya kwanza aliposhinda aliniambia, "Zako zina joto, zinakwenda vizuri." Sijui kama ni kweli. Sikuacha kuzishika. Alishinda vikombe vingi, akafundisha vijana wengi, na kwa kuwa kila dakika aliwaambia "tulia," wao wakamwita Bi Tulia. Aliyempenda kuliko wote ni nesi mmoja wa mji ule, binti mpole anayetoka zamu na kuja uwanjani na viatu vyake vya wodini. Nesi hana bastola yake. Hutumia ya klabu, ambayo huzunguka mikono mingi.

Mwaka huu macho ya mke wangu yalikataa. Daktari wa macho alimweka mbele ya herufi, akamfunika jicho hili, akamfunika lile, kisha akavuta kiti karibu.

"Mama, jicho la kulia limekwisha katikati. La kushoto litakutosha kusoma na kupika. Lakini mhuri wa leseni mpya sitaupiga."

"Ya zamani bado halali?"

"Mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo unaipeleka bastola kituo cha polisi, nao wanaisaga kwa mashine."

"Wanaisaga?"

"Inasagwa, mama. Inakuwa chuma chakavu."

Tulipofika nyumbani alifungua kabati, akaifuta bastola kwa kitambaa, akairudisha. "Hii haisagwi," akasema. "Hii anaichukua nesi."

Tulikwenda kituoni kwetu. Afande wa dawati la silaha alikuwa kijana mwenye adabu.

"Shikamoo, mama. Hakuna shida kabisa. Niletee tu kibali cha kule kwamba wanaipokea, nami nitakupa cha kuitoa."

Tukavuka. Kule afande alikuwa mwanamke, naye ana adabu vilevile.

"Hakuna shida, mama. Niletee tu kibali cha kwenu cha kuitoa, nami nitakupa cha kuipokea."

"Mwanangu, wao wamesema nyinyi mwanze."

"Sisi hatuwezi kuanza, mama. Wanaanza wao."

"Na wao wanasema hivyo hivyo. Sasa anayeanza ni nani?"

Yule afande alifikiri kwa dhati. "Mara nyingi," akasema, "watu huwa wanaacha."

Usiku huo niliomba kwa maneno machache, kwa kuwa sikujua nimwombe Mungu nini hasa. Asubuhi katibu wa klabu, ambaye tulikuwa tumemweleza shida yetu, akapiga simu. Alikuwa ameisoma sheria yao yote. Mgeni aliyekuja na kibali cha mashindano, matokeo yake yakibandikwa ubaoni, anaruhusiwa kuiacha silaha yake kwa klabu siku hiyohiyo. Klabu humkatia leseni mwanachama wake, na risiti ya klabu inatosha kuifunga leseni ya huku.

"Lakini lazima ushindane kweli, Bi Tulia," katibu akasema. "Risasi ishirini. Zisipogusa karatasi angalau kumi, jina halibandikwi. Na mashindano yaliyobaki mwezi huu ni ya Jumamosi."

Siku zile zilizobaki alisimama jikoni akiinua pasi ya mkaa mbele yake kama bastola kwa mkono wa kushoto, ili alenge kwa jicho lililobaki. Mkono huo haukuwa umefundishwa chochote ila kushika mwiko. Pasi ilicheza. Nilimwambia apumzike.

"Nitapumzika Jumapili," akasema. "Na wewe acha kunitazama kama mgonjwa. Pika."

Jumamosi tulivuka kama kawaida, yeye mbele, mimi nyuma. Uwanjani vijana walimzunguka, "Bi Tulia, Bi Tulia," nesi akambusu mikono yote miwili, yeye na nesi wakapangiwa nafasi zinazopakana. Hakuna aliyejua habari ya macho ila nesi na katibu. Msimamizi alitukumbusha kwamba msaidizi hasemi na mshindani. Nikampa tano za kwanza, za moto kutoka kwenye ngumi yangu.

Alifyatua kwa mkono wa kushoto. Mchanga uliruka kwenye tuta, kushoto kwa karatasi, halafu juu yake, halafu sikuona kabisa ulikoruka. Nikampa tano nyingine. Mbili zilipata karatasi, pembeni kabisa. Nyuma yetu kijana mmoja akanong'ona, "Leo Bi Tulia ana nini?" Mwenzake akamjibu, "Uzee." Nilitaka kugeuka. Badala yake nikamwambia Mungu, kimoyomoyo: sikuombi ashinde, alishashinda sana. Ninaomba karatasi tu. Aguse karatasi.

Aliweka bastola mezani, akavuta pumzi, akaichukua tena kwa mkono wa kulia, mkono wake wa siku zote. Kisha akafanya kitu ambacho kwa miaka mingi alimkataza nesi na kila aliyemfundisha. Alikilaza kichwa mpaka shavu likagusa bega, jicho la kushoto likaja juu ya bastola, shingo imepinda kama mtu anayechungulia tundu la ufunguo. Vijana wengine walicheka kwa sauti. Nesi, pale jirani, alishusha bastola yake na kumtazama. Hakucheka.

Risasi ya kwanza ya tano za tatu ilitoboa karatasi. Na iliyofuata. Moja ikapotea, nyingine ikagusa ukingo. Nilipompa tano za mwisho, moja ikaniponyoka ikaanguka majanini. Alinitazama tu, akangoja niiokote. Aliimaliza zamu yake polepole, na shingo ile ile iliyopinda, bila kuharakishwa na mtu.

Katibu na msimamizi walikwenda kwenye karatasi na kuhesabu matundu kwa muda mrefu. Waliinama, wakahesabu tena. Kisha wakaingia ofisini, na baada ya kitambo katibu akatoka na orodha, akaibandika ubaoni bila kututazama. Watu wakajazana. Mke wangu alibaki amesimama pembeni na sanduku lake. Mwandiko ulikuwa mdogo, asingeusoma.

"Nenda wewe," akaniambia.

Nilisoma kutoka juu kushuka chini. Nikarudi kwake.

"Nimekuwa wa ngapi?"

Vikombe vyake vimejaa juu ya kabati la vyombo nyumbani. Nikasema kama ilivyo.

"Wa mwisho."

"Wa mwisho kabisa?"

"Kabisa. Chini hata ya yule muuza magodoro."

"Yule anayefumba macho?"

"Huyohuyo."

Alicheka mpaka akashika mkono wangu asianguke. "Jina langu lipo, lakini? Wameliandika sawasawa?"

"Lipo. Nimeliangalia mara mbili."

"Ashukuriwe Mungu," akasema, akajipangusa macho. "Basi mwite nesi aje kuitilia sahihi bastola yake, kabla katibu hajaenda kula."