Mikono Sita Juu ya Kioo

Kila siku saa tatu kasorobo asubuhi Liew Nyuk Moi huifuta meza ya kioo kwa kitambaa chenye siki kidogo. Meza iko katikati ya makumbusho ya machimbo ya bati, bondeni Kinta. Inawaka kwa ndani kama skrini ya simu. Ukipitisha vidole, mchanga kwenye picha unasogea na bati linabaki. Ukigusa pembeni, yanatokea majina kumi na moja ya waliofukiwa shimo lilipoporomoka.

Jumatatu moja walikuja wanawake watatu wenye kofia pana, suruali zikichuruzika maji. Hawakukata tiketi. Waliinama, wakaweka viganja vyote sita juu ya majina, wakabaki hapo. Mmoja alikuwa mama yake Nyuk Moi. Bado alikuwa na miaka thelathini na moja. Bintiye alikuwa na sitini na tisa.

"Unafuta kama umelazimishwa," mama alisema.

"Nilishamaliza, Mama. Nyie ndio mnachafua."

"Jina langu liko wapi?"

"Nawaomba wakubwa wa hapa waliandike, mwaka wa sita huu."

Siku shimo lilipoporomoka, wale watatu walikuwa humo wakichekecha mchanga bila kibali. Kwenye kitabu cha kampuni hawakuwemo kazini, kwa hiyo hawakuweza kufia kazini.

Meneja, Encik Ridzuan, aliagiza ndoo kwa ajili ya maji. Kilichomkera zaidi ni kwamba meza hupokea vidole arobaini kwa pamoja, na thelathini vilikuwa vimeshakaa. Wanafunzi wakija, mchezo wa kuchekecha bati kwa vidole unakwama. Akamwita fundi Jegan kutoka Ipoh.

"Inabidi ifundishwe upya," Jegan alisema. "Unaizima, unaiwasha ikiwa tupu, ndipo inajua hapana kitu juu yake. Shangazi, waambie watoe mikono."

"Tutatoa tukiandikwa," mama alijibu mwenyewe.

"Bosi, majina matatu tu," Nyuk Moi alisema. "Nakutajia, unaandika. Hata chai haitapoa."

"Nafuata kitabu, shangazi. Nikimwandika kila anayekuja amelowa, si meza itajaa majina?"

Jegan alijikuna shingo. "Naweza kuifundisha hivi hivi, mikono ikiwa juu. Itaiona mikono kuwa ni sehemu ya kioo."

"Fanya," meneja alisema.

Alizima, akahesabu hadi kumi, akawasha. Mama akabonyeza jina la kwanza, la pili, mpaka la mwisho. Orodha haikusogea.

"Moi, imezimika?"

"Haijazimika, Mama. Inawaka."

Alhamisi wanafunzi walikuja wakacheza, wakipenyeza vidole katikati ya mikono ya wale wanawake. Mikono ya mashati ya watoto ililowa. Mchezo haukukwama hata mara moja, na Encik Ridzuan akampigia Jegan simu kumshukuru.

Nyuk Moi bado anafuta kila asubuhi. Anazungusha kitambaa kidole kwa kidole, vyote thelathini. Jana meneja alisimama mezani na fomu ya usafi.

"Hapa mbona hapajafutwa?"

"Pana watu, bosi."

Encik Ridzuan alitazama, akaitikia kwa kichwa kwamba wapo, akaandika, akaiacha fomu mezani, akaenda zake.

"Ameandika," mama alisema. Hakuwahi kujua kusoma. "Ameandika nini?"

Nyuk Moi aliigeuza fomu upande wake.

"Madoa sita."

Mama alirudisha macho kwenye orodha, akaanza tena kubonyeza, kuanzia jina la kwanza.